Kwa nini nguo hazikauki Julai

Fua blanketi Jumamosi moja ya Februari, jioni utalitandika. Lifue Julai, na Jumatatu bado litakuwa kwenye kamba, zito, limeanza kunuka uvundo. Wakazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hawahitaji kufundishwa hilo. Mama fua anayezunguka Umoja na Donholm na beseni lake analijua kuliko wote, maana mwezi huo wateja humpunguzia nguo, au humwambia angoje jua litoke kwanza. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 tu kusini mwa ikweta. Mahali kama hapo pangetarajiwa kuwa na jua la kumwaga mwaka mzima. Limeenda wapi?

Jibu linaanzia baharini. Upepo ambao mabaharia wa Lamu na Mombasa huuita kusi, uleule uliozisukuma jahazi kurudi Arabuni na Bara Hindi, ndio unaoipoesha Buruburu. Kati ya Juni na Agosti huwa ni majira ya baridi upande wa kusini wa dunia, na hewa nzito hujikusanya juu ya Bahari ya Hindi, kusini mashariki mwa Bukini. Kutoka huko husukumwa kuelekea ikweta, ikichota unyevu njiani. Ikifika bara inaanza kupanda: toka ufuo wa Mombasa mpaka Nairobi ni mita zaidi ya 1,600 kwenda juu, na hewa inayopanda hupoa. Ule unyevu hugeuka wingu. Juu ya wingu hilo kuna tabaka jingine la hewa, kavu na yenye joto kidogo, linalolikandamiza kama kifuniko cha sufuria. Wingu likishindwa kurefuka haliwi la mvua kubwa. Hukaa chini, la kijivu, siku tatu, pengine wiki, likidondosha manyunyu yasiyojaza hata kikombe. Ukiendelea na safari ukateremka Bonde la Ufa, mara nyingi utalikuta jua linawaka Naivasha, maana upepo umeshautua mzigo wake kwenye miteremko ya upande huu.

Nguo hukauka kwa mambo matatu: jua, upepo na ukavu wa hewa. Hewa iliyokwisha kushiba maji haina nafasi ya kupokea maji ya blanketi lako. Asubuhi ya Julai hewa ya Nairobi huwa imeshiba karibu kabisa, jua limefichwa, na upepo unaovuma ni ule ule wenye unyevu. Ndiyo maana jinzi iliyoanikwa saa mbili huwa bado inadondosha maji saa nane. Ule uvundo nao ni vijidudu vinavyoongezeka katika kitambaa kinachokaa na maji muda mrefu, na sabuni ikiongezwa haivizuii, kwa sababu shida ni saa nyingi za unyevu.

Hayo ni ya angani, nayo ni ya Nairobi yote. Kinachohitaji kuchambuliwa zaidi ni yanayotokea wingu likishafika mtaani, kwa sababu mji huu haukugawa ardhi tu. Uligawa pia mvua, baridi na mwanga, na desturi nyingi tunazoziita tabia za mtaa ni namna watu walivyoishi na mgao huo.

Anza na ardhi yenyewe. Dagoretti Corner, yaliko makao ya Idara ya Hali ya Hewa, ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Embakasi, penye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ni kama mita 1,620. Mita hizo 180 zinatosha kubadili hali. Dagoretti hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Embakasi pungufu kwa robo hivi. Mashariki ni pakavu zaidi, na mchana pana joto zaidi. Kwa hesabu ya thamomita, basi, mtu wa Kayole, mashariki, amependelewa kuliko mtu wa Loresho, magharibi. (Sijamsikia mtu wa Kayole akisema hivyo.) Ukienda magharibi mwa mji unakanyaga udongo mwekundu unaonyonya maji haraka. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza kidole ukikauka. Chini yake kuna mwamba mgumu. Maji hayana pa kwenda, kwa hiyo yanasimama.

Nani alikuja kuishi kwenye udongo huo, na kwa nini, ni habari ya siasa. Reli ilifika mwaka 1899. Mnamo 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyeitwa na serikali ya kikoloni, alipendekeza watu wagawanywe kwa rangi kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Wazungu wakabaki na vilima vya magharibi, Wahindi wakapata Ngara na Parklands, na Waafrika wakasukumwa mashariki. Pumwani ikapangwa miaka ya 1920, kisha zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati, na ile mitaa ya Ofafa iliyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Mito mitatu ya mji, Nairobi, Mathare na Ngong, yote hutoka magharibi kwenda mashariki. Waliopangwa mashariki walipangwa pia kwenye mkondo wa chini, wakipokea kila kitu kinachotupwa juu.

Nyumba zilizojengwa huko hazikufanana, na hapa inafaa twende taratibu, kwa kuwa kila aina ya nyumba ilikuwa na makubaliano yake na hewa.

Majengo ya Pumwani yalijengwa na wenyeji wenyewe kwa ramani iliyotoka pwani: ukumbi wa katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma penye jiko na choo, na baraza mbele. Kupika kulikuwa nje ya chumba cha kulala. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilifuata fikra za Kiingereza za mji wa bustani: nyumba za mawe zenye vigae, zimezunguka viwanja vya nyasi, na katikati ukumbi wa jamii ambako baadaye wanasiasa kama Tom Mboya walihutubia. Vyumba vilikuwa vidogo kupita kiasi, kwani mkoloni alimhesabu Mwafrika kuwa kibarua wa kupita. Lakini nje palikuwa papana. Udogo wa ndani uliwatoa watu nje, nao wakakaa huko: kufua, kusuka nywele, kucheza bao, kusuluhisha ugomvi wa mke na mume mbele ya majirani wanaojifanya hawasikii.

Dandora, mradi wa Benki ya Dunia wa miaka ya 1970, uligawa viwanja vyenye choo na bafu tayari, mwenye kiwanja akajenga vyumba kuzunguka uwanja wa ndani. Buruburu ilijengwa miaka hiyohiyo kwa watu wa mshahara, kila nyumba na kiwanja chake kidogo nyuma. Hata nyumba hizi mbili zisizofanana kwa kipato zilikubaliana kwa jambo moja: mahali pa kuanika palikuwa pa jua.

Kisha yakaja maghorofa. Pipeline, Tassia, Huruma na Umoja Innercore, ghorofa nane, tisa, kumi, vyumba vimepangana kwenye korido, na kati ya jengo na jengo pengo ambalo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Fanya hesabu ndogo. Chukua pengo la mita 2 kati ya majengo ya mita 24. Likiwa limelala kaskazini hadi kusini, jua huweza kufika chini kwa muda usiofika dakika 40, adhuhuri tu, kisha linapotea hadi kesho. Likiwa limelala mashariki hadi magharibi ni balaa zaidi, kwa sababu Juni jua la adhuhuri huwa limeegemea kaskazini kwa karibu nyuzi 25. Miale yake inagonga ukuta kama mita 4 kutoka ukingo wa juu na kuishia hapo. Anayekaa ghorofa ya tatu hapati hata mwale mmoja kwa majuma mengi, hata siku ambazo wingu limefunguka.

Kwa hiyo kuna Julai mbili Eastlands. Ya mitaa ya zamani kama Jericho na Maringo, ambako nguo zinachelewa kwa sababu ya wingu, na ya Pipeline, ambako zinachelewa kwa sababu ya wingu na ya jengo la jirani. Ya kwanza huisha Septemba. Ya pili haina msimu.

Ndipo jua linapogeuka kuwa kitu cha kulipiwa. Chumba chenye dirisha linalotazama barabara hakikodishwi bei moja na chumba cha ndani kinachotazama korido. Paa la jengo, ambako ndiko kwenye kamba, lina kufuli, na ufunguo anao msimamizi wa ploti. Mwenye kupanda na beseni ghorofa nane akakuta kamba zimeshikwa zote ana mawili ya kufanya: kusukuma nguo za mwenzake, au kuketi juu ya ndoo na kungoja. Hata aliyepata kamba hungoja akiweza, kwani shuka ikiachwa bila mlinzi huweza kukaukia kwa mwingine. Watu hucheka wakisimulia vita vya kamba, lakini vita vile ni mgogoro wa ardhi, isipokuwa ardhi yenyewe ni mita chache za waya kwenye jua.

Hili si la Nairobi peke yake. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha mwaka 2011, *Tenement Cities*, aliyaweka majengo ya Huruma na Pipeline kando ya majengo ya kupangisha ya Berlin ya karne ya 19. Kule nako wenye ardhi walijenga hadi ukingo wa kiwanja, wapangaji wakabanwa chumba kimoja kimoja. Sheria ya ujenzi ya Berlin ya mwaka 1853 ililazimisha uwanja wa ndani wenye zaidi kidogo ya mita 5 kila upande, na sababu yake ilikuwa kulipatia gari la zimamoto nafasi ya kugeuka. Mwanga wa mpangaji haukuwamo katika fikra hiyo. Hata hivyo, mpangaji wa Berlin aliyehurumiwa kuwa anaishi gizani alikuwa na uwanja mpana kuliko mapengo mengi ya Pipeline.

Sasa turudi kwenye baridi, maana hapa ndipo desturi na jengo hugongana vibaya. Nyuzi 18 za mchana na 10 za alfajiri zingemchekesha mtu wa Oslo. Lakini yeye ana kuta zilizojazwa vitu vya kuzuia baridi na kifaa cha kupasha joto nyumba nzima. Mpangaji wa Eastlands ana ukuta wa jiwe, sakafu ya simenti, na dirisha la chuma lenye kioo kimoja. Anachopashia joto ni jiko la makaa, na hilo jiko lenye udongo ndani na bati nje, lililoanza kutengenezwa mapema miaka ya 1980, ni kazi ya mikono ya mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji.

Tazama linavyowashwa. Linawekwa nje, kwenye korido au mlangoni, linapepewa kwa kipande cha katoni. Moshi unatoka, macho yanawasha. Baada ya dakika kadhaa moshi unakwisha, makaa yanakuwa mekundu, na mama anasema limeshika. Hapo ndipo linaingizwa ndani. Kila mtu huamini kwamba hatari ilikuwa ule moshi, na moshi umekwisha. Ukweli ni kinyume. Makaa mekundu yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa kidogo, husikia usingizi mtamu, hujifunika. Kila msimu wa baridi magazeti huandika juu ya familia iliyokutwa haijaamka.

Wengi huishia kulaumu ujinga. Mimi naona lawama hiyo ni ya haraka mno. Desturi ya kuingiza jiko ndani ilikomaa katika vyumba vya mabati na mbao, ambako upepo huingia chini ya mlango, kwenye kona na kati ya paa na ukuta. Chumba kile kilikuwa na baridi kwa sababu kilivuja, na kwa sababu kilivuja kiliwasamehe watu. Chukua jiko lilelile, watu walewale, usiku uleule, uwaweke katika chumba cha mawe cha ghorofa ya tano, dirisha limefungwa na tambara limesokomezwa chini ya mlango: msamaha haupo tena. Kinachookoa ni kuliacha dirisha wazi kwa upana wa kiganja na kulitoa jiko nje kabla ya kulala, hata kama baridi inauma. Kumwambia mtu afungue dirisha usiku wa Julai ni rahisi kwa tajiri anayelala Lavington.

Baridi ina wanaofaidika nayo. Kuanzia Mei, katika soko la Gikomba, wafanyabiashara wa mitumba huanza kufungua robota za sweta na jaketi walizoziepuka tangu Desemba. Bidhaa hizo ni nguo za majira ya baridi ya Ulaya na Amerika Kaskazini; koti lililomkinga mtu theluji ya Chicago linamkinga dereva wa bodaboda manyunyu ya Jogoo Road. Jioni nazo ni za mutura, supu na mahindi ya kuchoma, na anayeuza uji kituoni alfajiri anamaliza birika kabla ya saa moja.

Mvua ina hesabu zake. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, pale mkanda wa mvua unapolifuata jua likivuka ikweta kwenda na kurudi. Jambo la kwanza ambalo abiria hulionja ni nauli. Matone yakianza kudondoka saa kumi na moja jioni, makanga wa matatu ya njia namba 58 kwenda Buruburu hutaja bei nyingine papo hapo, na abiria humwita mwizi. Tuwe waadilifu kidogo. Maelfu ya wakazi wa Eastlands hutembea kwa miguu kutoka mjini na Eneo la Viwanda, kupitia Landhies Road au kando ya reli. Mvua ikinyesha hao wote hugeuka abiria kwa dakika moja. Wakati huohuo Landhies inafurika, foleni inasimama, na gari lililokuwa lifanye safari tatu jioni linafanya moja. Watu wameongezeka, viti vimepungua. Uroho upo, lakini hata kondakta mtakatifu angeishiwa na viti.

Mafuriko nayo si hesabu ya mvua ya Eastlands pekee. Maji yanayoingia mitaa ya Mathare na Mukuru mengi yamenyesha magharibi, Kikuyu, Kabete na Westlands, ambako ardhi iliyokuwa ya mashamba na bustani sasa ni simenti na lami. Tone linaloanguka kwenye maegesho ya magari halinywewi na ardhi. Aprili 2024 mito ilivunja kingo usiku, watu wa Mathare wakapanda juu ya mapaa, na kote nchini zaidi ya watu 200 walikufa katika msimu ule. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, kisha matingatinga yakaja. Waliobomolewa walikuwa wa mkondo wa chini, wanaoyapokea maji. Juu kule, yanakotoka, sikuona tingatinga likichimbua maegesho yoyote.

Na bado, katikati ya mvua hiyo, mabomba huwa makavu. Hili huwachanganya watu na kuwatia hasira: barabara imejaa maji na mtungi wa lita 20 unanunuliwa kwenye mkokoteni. Sababu ni kwamba maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Ndakaini hujazwa na mito ya Aberdare. Mvua ikinyesha Kayole usiku kucha, bwawa halipati kitu. Hata likijaa pomoni, mabomba yanayoliunganisha na mji hayatoshi wote kwa pamoja, ndiyo maana kuna ratiba ya mgao mtaa kwa mtaa. Kwa hiyo siku ya kufua mtaani hupangwa na ratiba hiyo. Maji yakitoka Alhamisi, utafua Alhamisi, jua liwepo lisiwepo.

Vuli ina upande wa furaha, na ningependa kuutaja kwa sababu uchambuzi wa Eastlands mara nyingi huishia kwenye maafa. Ziwani, kwenye uwanja wa Umeme, huchezwa mashindano ya kandanda yaitwayo Koth Biro, jina la Kijaluo la kutangaza kwamba mvua inakuja. Huchezwa mwishoni mwa mwaka, mawingu yakijikusanya. Uwanja hauna nyasi. Mechi inaweza kuanza kwenye vumbi na kumalizika kwenye matope, watazamaji wamesimama kwenye mstari wenyewe, na mpira wa kona hauwezi kupigwa mpaka wasogee. Walioifanya iwe tamu ni wachezaji wa ligi kuu waliokuwa likizoni, wakarudi kuchezea timu za mitaa yao bila kocha wa kuwakataza. Kalenda ndiyo iliyowezesha: zamani ligi ya Kenya ilianza mwanzoni mwa mwaka na kumalizika kabla ya Krismasi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ligi ilihamia kalenda ya Ulaya, na Desemba ikawa katikati ya msimu. Mvua haikubadilika, ila sababu ya mchezaji mkubwa kuwa huru ikapungua. Mashindano yameendelea, na hilo linasema mengi juu ya mizizi yake.

Yaliyo hatarini zaidi ni yale yanayohitaji kiwanja bila kukitangaza. Chukua matanga. Mtu akifariki Makadara au Jerusalem, kwa kawaida atazikwa ushago, kwa hiyo mtaa una jioni kadhaa za kuchanga nauli, jeneza na chakula. Turubai linafungwa nje ya nyumba, viti vya plastiki vinakodishwa, chai inapikwa kwenye sufuria kubwa, na daftari la michango linapita mkono kwa mkono. Uwazi ule una kazi yake. Jirani asiyealikwa anaona turubai, anajua, anakuja. Anayeona aibu kwa kuwa na shilingi hamsini tu hukaa nyuma gizani, akaitoa bila kutazamwa. Julai watu hujifunga mashuka na kusogelea jiko, ambalo nje halina madhara. Mvua ikija turubai linavuja, watu wanasogeana.

Sasa mitaa hiyo ya zamani inajengwa upya. Pangani ilitangulia: nyumba za zamani zimebomolewa na ghorofa zimesimama, na mipango ya namna hiyo imezungumzwa kwa mitaa mingine mingi ya kaunti. Siwezi kuutetea uchakavu wa Shauri Moyo, mabomba yake ya tangu ukoloni na vyoo vya kushiriki. Watu wanahitaji nyumba bora, na ardhi ile ni kubwa. Lakini ramani zinazoonyeshwa wakazi huwa za ndani: vyumba viwili, jiko, bafu, sakafu ya vigae. Wenye kuhudhuria mikutano hiyo wangefanya vema kuuliza za nje. Kati ya jengo na jengo ni mita ngapi, na jua la Juni litafika ghorofa ya ngapi? Maji ya paa yataelekezwa wapi, kwa kuwa udongo mweusi hautayanywa? Na familia ya ghorofa ya kumi na mbili ikifiwa, turubai litafungwa wapi? Pipeline imeshalijibu swali hilo la mwisho kwa njia yake: michango hukusanywa kwa simu, mkutano mmoja unafanyika katika ukumbi wa kukodi au kanisani, na jirani wa mlango wa tatu hupata habari wiki inayofuata, kutoka kwa msimamizi wa ploti.